Lugha ya Chupa: Mvinyo Mweupe wa Bei Nafuu katika Maisha ya Kila Siku ya Wajerumani na Waaustria

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina sharti ambalo halisemwi waziwazi: kizuri hujiuza iwapo mnunuzi anaelewa anachokitazama. Kikifichwa nyuma ya maneno asiyoyaelewa, kitabaki rafuni, nacho kibaya chenye jina jepesi kitapita mlangoni kwa shangwe. Hivyo ndivyo ilivyoufika mvinyo mweupe wa Ujerumani kwa muda mrefu wa karne ya 20, na mvinyo wa Austria ulifikwa na balaa la namna yake. Makala haya yananuia kueleza jinsi wananchi wa kawaida wa nchi hizo mbili wanavyoufurahia mvinyo mweupe usio wa bei ghali, jinsi lebo ya chupa inavyosomwa, na kwa nini lugha ya lebo hiyo imewahi kuwainua na kuwaangusha wakulima.

Huenda msomaji akajiuliza mada hii inahusiana vipi na jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba lebo ya mvinyo ni matini. Ina istilahi, ina sarufi yake, na ina historia ya mabadiliko ya maana ambayo mwanaleksikografia yeyote angeionea fahari. Aidha, miji kadhaa ambako Kiswahili kimefundishwa na kutafitiwa barani Ulaya imo ndani ya maeneo ya mizabibu au iko jirani nayo. Mainz ni mji mkuu wa jimbo lenye mashamba mengi zaidi ya mizabibu nchini Ujerumani; Leipzig iko karibu na mabonde ya Saale na Unstrut; Bayreuth imo katika eneo la Franken, ingawa mizabibu yenyewe hupatikana zaidi magharibi, kandokando ya mto Main; nayo Vienna ina mizabibu ndani ya mipaka ya jiji. Mwanafunzi anayebahatika kwenda huko kwa masomo atakutana na chupa hizi mezani mwa wenyeji wake, awe anakunywa au hanywi.

Ikumbukwe pia kuwa makala haya hayamhimizi mtu yeyote anywe. Wasomaji wengi hawatumii kileo kwa sababu za kidini au kiafya, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna kiwango cha kileo kinachoweza kuitwa salama kabisa kwa afya. Linaloshughulikiwa hapa ni utamaduni na lugha yake.

Maneno Yetu Wenyewe

Kabla ya kuigeukia lebo ya Kijerumani, yafaa kuyapima maneno tuliyo nayo. Kiswahili kina maneno mawili makuu ya kinywaji hiki. Neno mvinyo limetokana na Kireno, vinho, na ni mojawapo ya masalio ya Wareno katika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na maneno kama meza na leso. Neno divai limetokana na Kifaransa, du vin. Tunda lenyewe tunaliita zabibu, neno la asili ya Kiarabu ambalo katika lugha hiyo humaanisha zabibu iliyokaushwa. Katika Kiswahili linatumika kwa tunda bichi na kwa lililokauka. Katika matumizi ya kila siku mvinyo umekuwa neno pana mno, kiasi kwamba wapo wanaouita hivyo hata ulevi mkali uliokenekwa. Katika makala haya, mvinyo ni kinywaji kitokanacho na maji ya zabibu yaliyochachuka, basi.

Tatizo kubwa zaidi hujitokeza katika kuelezea ladha. Wajerumani husema mvinyo fulani ni trocken. Maana ya msingi ya neno hilo ni "kavu", na wafasiri wengi hulihamisha hivyo hivyo wakasema "mvinyo mkavu". Msikilizaji wa Kiswahili asiyejua habari hizi atashangaa jinsi kioevu kinavyoweza kuwa kikavu. Kinachomaanishwa ni kwamba sukari ya zabibu karibu yote imeliwa na hamira wakati wa kuchachuka, ikageuka kuwa kileo, kwa hivyo utamu hauhisiki ulimini. "Mvinyo usio utamu" ni tafsiri ndefu kidogo lakini inayoeleweka.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kina hazina ambayo haijatumiwa ipasavyo. Mvinyo mweupe wa Ujerumani na Austria husifika kwa asidi yake. Sisi tuna neno ugwadu, ladha ile ya embe changa au ya ukwaju inayoufanya ulimi uamke na mate yatiririke. Tuna uchachu, unaotokana na kitu kilichoanza kuchacha. Tuna ukakasi, ule mkwaruzo wa ndizi mbichi au bungo lisiloiva unaoukausha ulimi. Mwenye maneno haya matatu tayari anaweza kutofautisha mambo ambayo mgeni wa lugha yetu angeyaita yote "uchungu". Mvinyo mweupe wa bonde la Mosel una ugwadu mwingi na ukakasi haba; mvinyo mwingi mwekundu una ukakasi. Kwa maneno hayo machache, mazungumzo yanaweza kuanza.

Kuisoma Lebo

Lebo ya Kijerumani huogopesha kwa wingi wa herufi. Hata hivyo, mambo makuu ya kutafutwa ni manne: aina ya zabibu, eneo, kiwango cha utamu na kiwango cha kileo.

Aina ya zabibu ndiyo inayotangulia kwa umuhimu. Mfalme wa zabibu za Ujerumani ni Riesling, inayochukua karibu robo ya mashamba yote ya mizabibu nchini. Jina lake lilionekana kwa mara ya kwanza katika hati ya mwaka 1435 kutoka Rüsselsheim, katika hesabu za ghala la mabwana wa Katzenelnbogen. Riesling huiva taratibu, huhifadhi asidi yake, na hubeba harufu za matunda kama tofaa, ndimu na pichi. Jirani yake ni Müller-Thurgau, iliyozalishwa na mtaalamu wa mimea Hermann Müller, mzaliwa wa jimbo la Thurgau nchini Uswisi, akiwa Geisenheim mwaka 1882. Kwa miaka mingi iliaminika kuwa ni mtoto wa Riesling na Silvaner, na ndiyo sababu baadhi ya chupa huandikwa Rivaner, jina lililounganishwa kutoka kwa "wazazi" hao wawili. Uchunguzi wa vinasaba ulikuja kuonyesha kuwa mzazi wa pili si Silvaner bali ni Madeleine Royale. Jina limebaki likisimulia ukoo usio wa kweli, jambo ambalo wanafunzi wa etimolojia wameliona mara nyingi. Silvaner yenyewe, mvinyo mtulivu usiojionyesha, ilipandwa Castell katika eneo la Franken mwaka 1659, na hadi leo huko Franken hutiwa katika chupa bapa yenye tumbo iitwayo Bocksbeutel.

Kuhusu kiwango cha utamu, maneno matatu hutosha. Trocken ni mvinyo wenye sukari isiyozidi gramu 9 kwa lita, mradi asidi yake iwe ya kutosha kulingana na sukari hiyo. Halbtrocken, yaani "nusu kavu", hufika gramu 18. Feinherb ni neno lisilo na mpaka wa kisheria. Mkulima hulitumia kuashiria mvinyo wenye utamu mdogo, na aghalabu hulipendelea kwa sababu halbtrocken halivutii masikioni. Mnunuzi asiyekumbuka hata moja kati ya haya ana njia ya mkato: atazame asilimia ya kileo. Riesling ya Mosel yenye asilimia 8 au 9 ina sukari iliyobaki, kwa kuwa haikugeuka yote kuwa kileo. Yenye asilimia 12 au zaidi kwa kawaida haina utamu. Tarakimu hiyo moja ndogo husema kweli hata pale ambapo maneno makubwa yanapotatiza.

Maneno makubwa yenyewe ni Kabinett, Spätlese, Auslese na yale yanayoyafuata. Wengi hudhani kuwa haya ni madaraja ya utamu wa mvinyo uliomo chupani. Sivyo. Yanapima utamu wa zabibu siku ya kuvunwa, kabla ya kuchachuka. Kipimo kinachotumika kimepewa jina la Ferdinand Oechsle, fundi wa Pforzheim wa karne ya 19. Lita moja ya maji hupima gramu 1,000. Ikiwa lita moja ya maji ya zabibu inapima gramu 1,080, basi ina Oechsle 80. Kadiri sukari inavyozidi ndivyo uzito unavyozidi. Mkulima aliyevuna zabibu za Spätlese anaweza kuziacha zichachuke hadi sukari iishe, akapata Spätlese trocken, mvinyo usio utamu na wenye kileo kingi. Anaweza pia kusimamisha uchachukaji mapema, akapata mvinyo mtamu na mwepesi. Neno ni moja, vinywaji ni viwili. Ni dhahiri kuwa mgeni akipotea hapa hana lawama.

Visa Viwili vya Maana

Neno Spätlese maana yake ni "mavuno ya kuchelewa", nalo lina kisa chake. Inasimuliwa kuwa katika karne ya 18 watawa wa Johannisberg, katika eneo la Rheingau, hawakuruhusiwa kuvuna bila idhini ya mkuu wao aliyekaa Fulda, mwendo wa siku kadhaa kwa farasi. Mwaka 1775 tarishi aliyetumwa kuchukua idhini hiyo alichelewa. Alipofika, zabibu zilikuwa zimeanza kuoza mtini. Watawa walizivuna vivyo hivyo kwa kukata tamaa, na mvinyo uliopatikana ukawa mtamu kuliko wote waliowahi kuuonja. Leo ukienda Johannisberg utaiona sanamu ya tarishi huyo juu ya farasi wake. Ni nadra mtu kujengewa sanamu kwa kuchelewa kazini.

Kisa cha Kabinett kinaelekea upande wa pili. Katika karne ya 18, mabwana na watawa wa Rheingau walitumia neno cabinet kwa chumba cha ghala ambamo mvinyo bora kuliko wote ulitengwa. Sheria ya mvinyo ya mwaka 1971 ilipolichukua neno hilo, ililifanya kuwa daraja la chini kabisa katika ngazi ya mivinyo yenye sifa za pekee: mvinyo wa zabibu zilizoiva, lakini zisizo na sukari nyingi. Katika isimu tungeliita badiliko hili mshuko wa maana. Jambo la ajabu ni kwamba mshuko huo umemfaa mnywaji wa kawaida. Kwa kuwa neno lenyewe halina fahari tena, Kabinett imebaki kuwa mvinyo mwepesi, wenye kileo kidogo na bei inayofikika, na bado mara nyingi hutengenezwa na mikono ileile na kutoka miteremko ileile inayotoa chupa za bei kubwa. Mtu anayetaka kulijua bonde la Mosel bila kuumaliza mshahara huanzia hapo.

Jina Zuri Lilivyochafuliwa

Sheria hiyo ya 1971 ilikuwa na nia njema: ilitaka kupunguza utitiri wa majina ya mashamba. Hata hivyo, iliruhusu majina ya maeneo makubwa, yaitwayo Grosslage, yaandikwe kwa mtindo uleule wa majina ya mashamba madogo mashuhuri. Mfano unaotajwa sana ni wa kijiji cha Piesport katika bonde la Mosel. Piesporter Goldtröpfchen ni mteremko mmoja wenye sifa. Piesporter Michelsberg ni jina la eneo pana linalojumuisha vijiji vingine pia. Kwa muundo wa kisarufi majina haya mawili hayatofautiani hata kidogo: jina la kijiji, kiambishi -er, kisha jina la pahali. Mnunuzi wa London au Nairobi angewezaje kujua kuwa la kwanza ni shamba na la pili ni tarafa nzima?

Wafanyabiashara waliitumia fursa hiyo. Katika miaka ya 1970 na 1980, mvinyo mwingi wa Ujerumani uliouzwa ng'ambo ulikuwa mwepesi, wenye sukari na wa bei ya kutupa, nao uliuzwa kwa majina kama Liebfraumilch. Jina hili asili yake ni mizabibu iliyolizunguka kanisa la Mama Maria, Liebfrauenkirche, mjini Worms; hapo zamani lilikuwa na heshima. Lilipotandazwa juu ya mvinyo wa maeneo mapana, heshima iliyeyuka. Blue Nun, chapa iliyojulikana kote Uingereza na Marekani, ilikuwa sehemu ya wimbi hilo. Wanywaji walipochoka na utamu huo, waliuacha mvinyo wa Ujerumani wote kwa pamoja, wa mkulima hodari na wa kiwanda. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Marekebisho yamekuja polepole. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2021 inaegemea mahali zabibu zilipokua: kadiri eneo linalotajwa linavyokuwa dogo, ndivyo masharti yanavyokuwa makali. Wakulima wengi nao wamejirahisishia lebo kwa hiari yao, wakaandika tu jina la familia, Riesling, trocken na mwaka. Chupa ya namna hiyo, iitwayo Gutswein, yaani mvinyo wa jumla wa shamba la mkulima, ndiyo mahali pazuri pa kuanzia. Mkulima ametia jina lake, na kwa hivyo hawezi kumlaumu mwingine.

Austria na Mwaka 1985

Austria ilipitia tanuri kali zaidi. Mwaka 1985 iligunduliwa kuwa baadhi ya wafanyabiashara walikuwa wakitia kemikali iitwayo diethilini glaikoli katika mvinyo wao ili uonekane mzito na mtamu, kana kwamba ulitokana na zabibu zilizoiva sana. Habari zilipoenea, nchi kadhaa ziliupiga marufuku mvinyo wa Austria, na mauzo ya nje yakaporomoka. Wakulima waaminifu waliangamia pamoja na walaghai. Yafaa kusisitizwa kuwa chanzo cha balaa kilikuwa tamaa ya kuuza utamu wa uongo kwa bei ya chini. Unafuu ulioghushiwa uligeuka kuwa ghali kuliko kitu chochote.

Mwaka huohuo Austria ilipitisha sheria kali mno ya mvinyo. Ndiyo sababu chupa ya Qualitätswein ya Austria ina alama ya rangi nyekundu, nyeupe na nyekundu, bendera ya taifa, kwenye kifuniko chake, na lebo yake ina namba ya ukaguzi wa serikali. Hata chupa ya bei ndogo kabisa katika daraja hilo imepita mikononi mwa wakaguzi. Athari nyingine ilikuwa ya ladha: wakulima waliuacha utamu na kuushikilia mvinyo usio utamu, safi na wazi kama maji ya chemchemi.

Zabibu inayoubeba mvinyo huo ni Grüner Veltliner, inayochukua karibu theluthi moja ya mizabibu yote ya Austria. Harufu yake hukumbusha pilipili manga na mboga mbichi, na ugwadu wake ni wa wastani. Eneo la Weinviertel, kaskazini mwa Vienna, lilikuwa la kwanza kupata hadhi ya DAC, mfumo unaoambatanisha jina la eneo na ladha maalumu, kuanzia mavuno ya mwaka 2002. Mtu akiona Weinviertel DAC kwenye lebo, anajua kilichomo bila kuuliza: Grüner Veltliner, isiyo utamu. Katika bonde la Wachau, ambalo UNESCO iliorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2000, wakulima wana majina matatu yao wenyewe. Steinfeder, jina la nyasi, ni mvinyo mwepesi usiozidi asilimia 11.5 za kileo. Federspiel, lililotokana na uwindaji kwa kutumia ndege, ni wa kati. Smaragd, jina la mjusi wa kijani anayeota jua kwenye kuta za mawe, ni mzito na ghali. Kwa meza ya kila siku, mawili ya kwanza yanatosha.

Mezani na Barazani

Mvinyo huu una makao mengine nje ya duka la fahari. Mwaka 1784, Kaisari Joseph wa Pili alitoa amri iliyowaruhusu wakulima wa Austria kuuza mvinyo wao wenyewe majumbani mwao. Kutokana na amri hiyo ulikua utamaduni wa Heuriger. Neno hilo humaanisha "wa mwaka huu", na hutumika kwa mvinyo mpya na pia kwa nyumba unamouzwa. Kiswahili kinalo neno lililo karibu: mlimbuko. Mkulima huning'iniza tawi la msonobari mlangoni kuonyesha kuwa amefungua. Wateja hukaa kwenye mabenchi marefu chini ya miti, mzee kando ya mwanafunzi, mwalimu kando ya fundi. Mwaka 2019 utamaduni wa Heuriger wa Vienna uliingizwa katika orodha ya kitaifa ya urithi usioshikika.

Vipimo vyake humfurahisha Mswahili. Mteja huagiza Viertel, yaani robo lita, au Achterl, yaani sehemu moja ya nane ya lita. Robo na thumni! Maneno ambayo kwetu yalihesabu sarafu na pishi yanapata wenzao katika bilauri za Vienna. Anayetaka kukaa muda mrefu bila kulewa huagiza G'spritzter, mvinyo mweupe uliochanganywa na maji ya soda kwa kiasi sawa. Hakuna anayeona aibu kuuchanganya. Nyumbani, familia nyingi hununua chupa ya lita moja, na ile ya lita mbili ina jina la utani, Doppler.

Ujerumani ina mila za aina hiyo. Straußwirtschaft ni mkahawa wa muda wa mkulima. Jina lake limetokana na shada la matawi linalotundikwa mlangoni, na kwa kawaida sheria humruhusu kufungua kwa miezi minne tu kwa mwaka na kuwa na viti visivyozidi 40. Katika eneo la Pfalz, Schorle, yaani mvinyo uliotiwa maji ya soda, hunywewa katika bilauri ya nusu lita yenye vishimo ubavuni iitwayo Dubbeglas, na mara nyingi bilauri moja huzungushwa miongoni mwa marafiki. Katika mji wa Bad Dürkheim, kila Septemba hufanyika Wurstmarkt, tamasha kubwa la mvinyo ambalo jina lake, kwa mzaha wa historia, ni "soko la soseji".

Chakula kinachoandamana na mvinyo huu si cha kifalme. Silvaner hunywewa na asparaga nyeupe za majira ya kuchipua. Grüner Veltliner huandamana na nyama ya ndama iliyopakwa chenga za mkate na kukaangwa, kwa kuwa ugwadu wake hukata mafuta kama vile kachumbari inavyoikata nyama choma. Kabinett yenye utamu kidogo husifiwa na wapishi kwa vyakula vyenye pilipili, tangawizi na ndimu: utamu huutuliza ukali wa pilipili, na kileo kidogo hakiuchochei. Mvinyo wenyewe hupoozwa, lakini usiwe baridi kama barafu, maana baridi kali huiua harufu.

Nafuu kwa Nani?

Swali moja haliwezi kukwepwa. Unafuu wa chupa hulipwa na nani? Sehemu ya jibu ni ya kisera: Ujerumani na Austria hazitozi ushuru maalumu wa kileo kwa mvinyo wa kawaida usio na povu, ilhali chupa hiyohiyo ikifika Kenya hutozwa ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa. Kilicho kinywaji cha mezani kule hugeuka hapa kuwa alama ya tabaka. Anayeinua bilauri ya Riesling katika hoteli ya Nairobi kuonyesha ukwasi wake, pengine anakunywa kile ambacho seremala wa Trier hunywa na mkate na jibini jioni ya Jumanne.

Sehemu ya pili ni jasho. Mashamba ya tambarare ya Rheinhessen huvunwa kwa mashine. Miteremko ya Mosel haikubali mashine za kawaida. Ule wa Calmont, karibu na Bremm, una mwinamo unaofikia nyuzi 65, na wavunaji huupanda kwa miguu wakishikilia mawe. Kazi ya hekta moja huko ni maradufu na zaidi ya ile ya tambarare, lakini madukani chupa zote hukaa rafu moja. Si ajabu kwamba mizabibu ya Mosel imepungua kutoka zaidi ya hekta 12,000 mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi takriban hekta 8,500. Wazee hustaafu, watoto huhamia mjini, na vichaka hurudi mahali palipolimwa tangu zama za Warumi. Mnunuzi anayeongeza euro mbili au tatu juu ya bei ya chini kabisa, akachagua chupa yenye jina la mkulima, bado ananunua kwa bei nafuu. Ila sasa unafuu huo haumwangamizi mwenzake.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa mvinyo mweupe wa bei nafuu wa Ujerumani na Austria ni sehemu ya maisha ya watu wa kawaida, na kwamba kikwazo kati yake na mgeni ni lugha zaidi kuliko bei. Maneno machache, trocken, Kabinett, DAC, na tarakimu ya kileo, yanatosha kuufungua mlango. Yameonyesha vilevile kuwa istilahi ni amana. Jina lilipotandazwa juu ya kitu kisicholistahili, kama Liebfraumilch, liliwaangusha waliolijenga; utamu ulipoghushiwa mwaka 1985, taifa zima lililipa; na lebo ziliporahisishwa, mkulima mdogo alipata tena sauti.

Funzo hili haliko mbali na kazi ya wanafunzi wa Kiswahili wanaounda istilahi za sayansi, sheria na tiba. Istilahi inayomfumba macho msomaji, hata iwe na mantiki gani kamusini, humwachia mlaghai nafasi. Istilahi inayoeleweka humwezesha mtu wa kawaida kuingia dukani, hospitalini au mahakamani akajua anachopewa. Kizuri chajiuza, ndiyo. Lakini kwanza sharti kiandikwe kwa maneno ambayo mnunuzi anaweza kuyasoma.